De Witte na chupa za Upemba

Hapa Likasi, mtu akitaja Upemba, wengi wanafikiria samaki ya kukauka inayofika ku soko. Wachache njo wanajua kama kule juu Lusinga, mu teritware ya Mitwaba, kulifanyika zamani kazi kubwa sana ya kutafuta na kuandika wanyama wa kila aina. Aliyeiongoza ni Mubelgiji, Gaston-François de Witte.

Alizaliwa mwaka 1897 mu muji wa Antwerpen. Mambo yake yalikuwa nyoka, mijusi na vyura, wanyama ambao kwetu mtu akiwaona anatafuta kwanza fimbo. Alitumika mu makumbusho ya Tervuren, kisha mu taasisi ya elimu ya viumbe ya Brussels, lakini hakuwa mtu wa kukaa ofisini tu. Kuanzia 1933 mpaka 1935 aliongoza tume mu parke ya Virunga, iliyoitwa wakati ule Parke Albert. Namna yake ya kazi ilikuwa kutochagua. Wazungu wengi wa siku zile walitafuta pembe za tembo na ngozi ya simba. De Witte alichukua hata mdudu wa chini ya jiwe.

Parke ya Upemba iliundwa tarehe 15 Mei 1939. Mipaka ilichorwa na wakoloni, na watu waliozoea kulima na kuwinda mule wakajikuta wanaitwa wavunja sheria. Hilo lazima lisemwe, sababu ugomvi wa mashamba na parke haujaisha mpaka leo.

Vita ya Ulaya ilipokwisha, de Witte akafika Upemba mu 1946, na tume yake ikafanya kazi mpaka 1949. Alikuwa na wenzake wanne: Adam, Janssens, Van Meel na Verheyen. Lusinga iko meta 1,760 juu ya usawa wa bahari. Mu Juni na Julai baridi ya usiku inauma. Lakini Mabwe, ku ukingo wa ziwa Upemba, ni meta 585 tu, kwenye joto na mbu. Mu parke hiyo unapita pia mto Lufira, ule ule unaozungusha mashine za umeme kule Mwadingusha karibu yetu, mbele haujaingia mu Lualaba. Kila unavyoteremka, wanyama wanabadilika. Chura wa manyasi ya juu si yule wa matope ya chini.

Njo maana kila mnyama aliyekamatwa alifungiwa lebo: mahali, urefu wa pale juu ya bahari, tarehe. Bila ile lebo, chura ndani ya chupa ya alkoli ni nyama tu isiyooza. Na tusidanganyane, kazi ya namna hiyo haikufanywa na wazungu watano peke yao. Lakini jina lililobaki ku mkusanyo ni la de Witte.

Chupa zikapelekwa Brussels, na toka pale wataalamu wa nchi nyingi wakagawana kazi. Kitabu cha nyoka na mijusi aliandika mwenyewe, kikatoka 1953. Sehemu ya vyura walichunguzwa na Karl Schmidt na Robert Inger, wa makumbusho ya Chicago. Schmidt hakuona mwisho wake: mu Septemba 1957 aliumwa na nyoka mwenye sumu wa Afrika akiwa kazini kule Chicago, akafa kesho yake. Kitabu kilitoka 1959, na chura mmoja akapewa jina la Upemba.

De Witte alikufa mu 1980, bila kujua kama ndani ya vitu alivyoleta mulikuwa mnyama mkubwa ambaye elimu haijamutambua. Si mdudu, ni swala! Mu 1947 na 1948 tume yake ilichukua mafuvu ya lechwe, swala wa mabwawa mwenye kwato ndefu za kutembea mu matope. Yakakaa Brussels zaidi ya miaka 50. Mu 2005 mtaalamu Fenton Cotterill aliyapima, akaona hayafanani na ya lechwe wa Zambia. Akamwita Kobus anselli, na anapatikana Upemba tu.

Miaka ya 1970 lechwe hao walikadiriwa kupita 20,000. Kisha zikaja vita, silaha zikajaa, na nyama ya pori ikawa biashara. Mu 2023 watafiti walipita juu ya mabwawa na ndege, wakaona kumi tu. Wanakadiria waliobaki hawafiki 100. Kuwalinda ni kazi ya ICCN, ambayo tangu 2017 inasaidiana na shirika la Forgotten Parks. Mafuvu ya de Witte yangali Brussels, na lebo zake.