Bibi Titi Mohamed: Nguvu ya wanawake ilikuwa katika umoja wao

WAFIPA wana simulizi ya kale kuhusu wanawake watatu wageni walioingia Milanzi na kutwaa enzi, wakawa chimbuko la ukoo wa watawala wa Twa. Kwa hiyo, katika nyanda hizi za juu za Sumbawanga, habari ya mwanamke kushika madaraka si ngeni. Lililo gumu ni kuwafikishia wanawake wote matunda ya madaraka hayo. Maisha ya Bibi Titi Mohamed yanalidhihirisha jambo hilo.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo, lakini mjini alifahamika kama mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Mwaka 1955, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza aliwatembelea viongozi wa TANU, akataka kujua waliko wanawake wa chama hicho. Ndipo Bibi Titi alipokabidhiwa kazi ya kuwaunganisha.

Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Vikundi hivyo tayari vilikuwa na wanachama na uongozi wake. Kila kiongozi aliyekubali alikuja na wenzake. Ndani ya miezi michache, inakadiriwa kuwa wanawake 5,000 walijiunga na TANU.

Baada ya Uhuru akawa mbunge, waziri mdogo na kiongozi wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioundwa mwaka 1962. Hata hivyo, mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi Rufiji, na mwaka 1967 akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU kwa kutoafiki masharti ya Azimio la Arusha. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akasamehewa na Rais Nyerere mwaka 1972. Aliishi kimya kwa miaka mingi hadi mchango wake ulipokumbukwa hadharani mwaka 1991. Alifariki dunia Novemba 5, 2000, mjini Johannesburg.

Nchi za Ulaya ya Kaskazini, zinazosifiwa kwa usawa wa kijinsia, nazo zilianza kwa wanawake kujipanga. Finland iliwapa wanawake haki ya kupiga na kupigiwa kura mwaka 1906. Mwaka uliofuata, 19 waliingia Bungeni, miongoni mwao Miina Sillanpää, aliyepata kuwa mtumishi wa ndani. Hatua iliyofuata ndiyo yenye somo: madai yao yaligeuzwa kuwa sheria. Sweden, mwaka 1974, iliwapa baba na mama haki ya kugawana likizo ya kulea mtoto. Haki ya namna hiyo haianguki kiongozi mmoja anapoanguka.

Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi, ilhali kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti nyuma ya kaka zake katika urithi. Mama anayelima mahindi na ulezi Ufipa hatapata haki yake kwa kumsifu Bibi Titi pekee. Ataipata iwapo wenzake kijijini watajipanga kuidai, kama wale 5,000 walivyofanya.