Daktari aliyerudishia watu kope za macho

Wiki hii nakusimulia maisha ya daktari aliyefariki zaidi ya miaka 60 iliyopita. Kama unaishi Ngara au Biharamulo huenda hujawahi kusikia jina lake, lakini matunda ya kazi yake yamefika hadi kwenu. Wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka Rusumo mwaka 1994 na kujaa kambi ya Benaco, AMREF ilikuwa miongoni mwa mashirika ya afya yaliyofanya kazi pale. Mmoja wa waanzilishi watatu wa AMREF ni Sir Archibald McIndoe, mpasuaji aliyejulikana duniani kwa kurekebisha nyuso, mikono na kope za watu walioungua.

Nimemchagua kwa sababu ya tatizo moja ambalo watu wengi hulichukulia kama la urembo tu: kope isiyofunga. Kope ninayoizungumzia hapa ni ile ngozi inayofunika jicho, si nywele zake. Kuna anayepata tatizo hili baada ya kuungua. Kuna pia anayelipata baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo kuondoa ngozi iliyolegea au mifuko chini ya macho, ngozi ikakatwa kupita kiasi au kovu likaivuta kope. Wote wawili huona haya na kujificha, na jicho linaharibika wakiwa wamejificha.

Kutoka New Zealand hadi London

McIndoe alizaliwa Mei 4, 1900 katika mji wa Dunedin, New Zealand. Baba yake alikuwa mchapishaji na mama yake mchoraji. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, kisha akaenda Marekani kujiendeleza katika Mayo Clinic.

Mwaka 1930 alihamia London na familia yake akitarajia kazi, akakuta kazi yenyewe haipo. Aliyemwokoa ni ndugu yake wa ukoo, Harold Gillies, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitengeneza upya nyuso za askari na mabaharia walioumizwa. Gillies alimkaribisha katika kazi yake na kumfundisha upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kutoka kwake McIndoe alijifunza namna ya kuikata kope iliyovutwa na kovu ili iachie, kisha kuiongezea ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza nzima ilikuwa na wapasuaji wanne tu waliokuwa wakifanya kazi hiyo muda wote, naye akiwa mmojawapo. Alipelekwa katika hospitali ndogo ya Queen Victoria, mji wa East Grinstead, kuwahudumia wanajeshi wa anga.

Kurekebisha madhara ya tiba

Mwaka 1940 marubani walianza kufika wakiwa wameungua kwa mafuta ya ndege. Wengi walikuwa wameungua uso na mikono. Tiba ya kawaida wakati huo ilikuwa kupaka asidi ya taniki, dawa inayokausha kidonda na kukitengenezea gamba gumu. Kwenye paja gamba hilo lingeweza kuvumilika. Usoni na mikononi lilileta balaa: vidole vilikunjamana na kope zilivutwa zikageuka nje. Hivyo mgonjwa alikuwa na majeraha ya moto, na juu yake madhara ya dawa iliyokusudiwa kumsaidia.

McIndoe aliona pia kwamba marubani walioangukia baharini walikuwa na vidonda vyenye hali nzuri zaidi. Akaanza kuwaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yaliyopimwa na kufunika vidonda kwa vitambaa laini. Akapigania asidi ile isitumike tena usoni na mikononi, na akafanikiwa.

Walioletwa kope zao zikiwa zimeharibika, alianza na macho. Pua na midomo vilisubiri. Ngoja nikueleze sababu. Kila unapopepesa, kope hutandaza machozi juu ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Kope isipofunga, hasa usingizini, konea hukauka. Ikikauka hupata mchubuko, mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikaingia vijidudu, na kikipona huacha kovu jeupe linalozuia kuona. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na pua mbaya, lakini konea iliyo wazi inaweza kuharibika ndani ya siku chache.

Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa rubani Richard Hillary, aliyedunguliwa Septemba 3, 1940. Kope zake zilikuwa zimeungua, akatengenezewa mpya kwa ngozi nyembamba iliyochukuliwa upande wa ndani wa mkono. Baadaye aliandika kitabu kuhusu yaliyompata, kikasomwa sana. Alirudi kurusha ndege na akafariki katika ajali mwaka 1943.

Kazi ile haikuisha kwa operesheni moja. Ngozi iliyopandikizwa husinyaa kidogo inapopona, hivyo mpasuaji huweka ya ziada, na mara nyingine hulazimika kurudia. Wapo wagonjwa waliofanyiwa operesheni nyingi kwa miaka kadhaa. Mwaka 1941 waliunda chama chao, Guinea Pig Club, wakijiita kwa utani jina la wanyama wadogo wa majaribio ya maabara, maana walijua mengi waliyofanyiwa yalikuwa mapya. Vita vilipokwisha chama kilikuwa na wanachama 649.

McIndoe aliwaruhusu kuvaa sare zao badala ya nguo za wagonjwa, na akawahimiza watoke kwenda mjini. Aliwaomba wenyeji wa East Grinstead wawapokee majumbani mwao bila kuwakodolea macho, nao wakafanya hivyo. Aliamini kwamba mtu aliyefichwa hawezi kusemekana amepona.

Alipopanda Kilimanjaro

Mwaka 1947 alipewa cheo cha Sir. Aliendelea kurekebisha walioungua, na pia alifanya upasuaji wa urembo kwa wagonjwa wa kulipa. Afrika Mashariki ilimvutia, akawa na shamba Tanganyika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Hapo ndipo alipokutanisha mawazo na wapasuaji wawili waliopata mafunzo East Grinstead: Michael Wood, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya, na Tom Rees, Mmarekani. Waliona watu wa vijijini wakibaki na makovu na ulemavu unaotibika kwa sababu tu mpasuaji yuko mbali. Wakaamua mpasuaji apande ndege awafuate. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wanaoruka, ambayo ndiyo AMREF ya leo.

Rees alirudi New York akawa bingwa mkubwa wa upasuaji wa urembo wa uso. Yeye ndiye aliyeandika kuwaonya wenzake kuhusu macho kukauka baada ya upasuaji wa kope, akisisitiza mgonjwa apimwe machozi kabla ya kukatwa. Elimu iliyotokana na vita ikawa kinga kwa wanaotafuta urembo.

McIndoe alifariki usingizini London mwezi Aprili 1960, akiwa na miaka 59.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kama wewe au ndugu yako ana kope isiyofunga, iwe ni kwa moto wa jikoni, petroli, ajali ya bodaboda au upasuaji wa urembo uliofanyiwa Dar es Salaam, Kampala au nje ya nchi, usisubiri. Nenda hospitali yako ya wilaya na uulizie mratibu wa huduma za macho. Wakati ukisubiri mpasuaji, konea inaweza kulindwa kwa matone ya machozi ya bandia mchana na dawa ya mafuta ya macho usiku, pamoja na kufunga kope kwa plasta kama utakavyoelekezwa. Ni huduma isiyohitaji chumba cha upasuaji, na inaokoa jicho.

Pili, marekebisho yana wakati wake. Kovu jipya ni gumu na jekundu. Kama konea iko salama, mara nyingi tunasubiri miezi 6 hivi lilainike, na wakati mwingine kusugua kope taratibu kwa maelekezo ya daktari kunatosha. Kama konea inakauka, hatusubiri kovu. Kope huachiwa na kupandikizwa ngozi, mara nyingi kutoka nyuma ya sikio au kwenye kope ya juu ya jicho jingine. Kazi hiyo huhitaji rufaa kwenda kwa bingwa, kama Bugando au KCMC.

Tatu, ipo dharura moja isiyosubiri hata asubuhi. Mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kope akipata maumivu makali, jicho likavimba na kusukumwa nje, na kuona kukafifia, huenda damu inavuja nyuma ya jicho. Muda wa kuokoa uwezo wa kuona ni wa saa chache tu. Akimbizwe hospitali.

Nne, usiweke jichoni maji ya majani, maziwa ya mama wala matone yenye steroidi uliyojinunulia dukani. Konea iliyokwisha kukauka haina nguvu ya kuyavumilia.

Na wewe unayefikiria kupunguza kope kwa ajili ya urembo, muulize mpasuaji maswali matatu kabla ya kulipa: utapima machozi yangu? Utaacha ngozi kiasi gani ili jicho lifunge? Nikipata matatizo nikiwa nimesharudi Ngara au Biharamulo, nani atanihudumia? Akishindwa kujibu, rudi na fedha zako.

Jaribu hili leo usiku kwa aliyewahi kuungua uso au kufanyiwa upasuaji wa kope nyumbani kwako. Akishalala, mtazame kwa tochi hafifu. Ukiona weupe wa jicho katikati ya kope, kesho mpeleke hospitali.