Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeiandama saratani ya watoto kwa ramani na gari kuukuu

MWAKA wa 1957, mtoto wa umri wa miaka mitano hivi alikuwa amelazwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, uso wake ukiwa umeumuka kiasi cha kutotambulika. Taya la juu na la chini yalikuwa na uvimbe, kulia na kushoto, na meno yalikuwa yamelegea.

Dkt Hugh Trowell, aliyekuwa bingwa wa maradhi ya utapiamlo miongoni mwa watoto, hakuwahi kuona jambo kama hilo. Alimwita mwenzake wa idara ya upasuaji, Dkt Denis Burkitt, ili amsaidie kulifumbua fumbo hilo. Burkitt alimtazama mtoto huyo, akampiga picha, na akakiri kuwa hata naye hakujua ni ugonjwa gani. Kisu chake hakingefaa kitu, kwa kuwa hakuna daktari awezaye kukata taya zima, juu na chini, na mgonjwa akabaki hai.

Wiki chache baadaye, Burkitt alikuwa katika ziara ya kikazi mjini Jinja. Alipochungulia dirishani, alimwona mtoto mwingine nje ya hospitali akiwa na mamaye, uso umevimba vivyo hivyo. Alitoka mbio kwenda kumpima. Alipompapasa tumboni, aligundua uvimbe mwingine huko ndani. Mtoto mmoja mwenye hali hiyo angeweza kuwa kioja tu. Wawili walikuwa ishara ya ugonjwa wenye mwenendo wake.

Hapo ndipo ulipoanza mradi wa utafiti wa saratani ambao ungeipatia sifa duniani idara ya tiba ya Makerere, uliosimamiwa na mtu asiyekuwa na maabara yake wala mfuko wa maana wa fedha.

Mwana wa mhandisi

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Babake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na majengo wa jimbo lao. Mhandisi huyo alijulikana pia kwa kazi aliyoifanya nyakati za mapumziko: alikuwa akiwavisha ndege wadogo vipete miguuni, kisha akichora ramani kuonyesha kila ndege ana himaya yake wapi. Mtoto alikua akiyaona hayo.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipoteza jicho lake la kulia katika ajali shuleni. Alijiunga na chuo cha Trinity mjini Dublin mwaka wa 1929 kusomea uhandisi, kufuata nyayo za babake, lakini kabla ya muda mrefu alibadilisha nia na kuingia katika masomo ya udaktari. Alihitimu mwaka wa 1935. Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti, na aliamini kuwa wito wake ulikuwa kuwahudumia wagonjwa ng'ambo.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza haikumpokea mara moja. Ombi lake la kwanza la kazi Afrika lilikataliwa kwa sababu ya jicho lile moja. Ni Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilivyomfungulia mlango, kwani alipojiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi alitumwa kuhudumu katika maeneo kadhaa, ikiwemo Kenya. Mnamo 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi. Vita vilipokwisha, mwaka wa 1946, alipata kazi Uganda na kupelekwa Lira, kaskazini mwa nchi.

Huko Lira alipasua wanaume wengi wenye mabusha. Alipochunguza walikotoka, aligundua kuwa maradhi hayo yalikuwa tele upande mmoja wa wilaya na haba upande wa pili. Badala ya kulipuuza jambo hilo, aliliandikia makala na kulichapisha. Tabia ya kuuliza ugonjwa unapatikana wapi, na kwa nini haupatikani kwingine, ilikuwa imeshaota mizizi.

Barua na vibandiko

Burkitt alihamishiwa Mulago mwaka wa 1948, akawa anapasua wagonjwa na kuwafunza wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Alipokutana na watoto wale wawili, alianza kazi kwa kupekua faili za hospitali. Alikuta kuwa watoto wengine wengi walikuwa wameandikiwa uvimbe wa taya, wengine wa figo, wa ovari, wa ini au wa macho. Kila daktari alikuwa ameona kiungo chake, wala hakuna aliyeona kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 alichapisha makala kuhusu watoto 38.

Hata hivyo, Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona uvimbe huo. Sir Albert Cook, mwasisi wa hospitali ya Mengo, alikuwa amewachora na kuwaandika wagonjwa wa aina hiyo katika vitabu vyake miongo mingi awali. Aidha, Profesa J.N.P. Davies wa idara ya patholojia Makerere alikuwa ameanzisha rejista ya saratani ya Kampala mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na Mmarekani Greg O'Conor, aliyefanya kazi katika idara hiyo, ndiye aliyetambua kwa hadubini kwamba huo ulikuwa uvimbe wa chembechembe za mfumo wa limfu. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mchango wa Burkitt ulikuwa kuvikusanya vipande hivyo na kuuliza swali ambalo rejista ya mji mmoja haingeweza kulijibu.

Swali lenyewe lilikuwa: ugonjwa huu unakomea wapi?

Ili kulijibu alipata ruzuku ya pauni 25. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto walioathirika na kuzituma kwa zaidi ya hospitali na zahanati 1,000 barani Afrika, nyingi zikiwa za wamishenari, akiwauliza madaktari kama wamewahi kuona uvimbe kama huo. Kila jibu la kukubali lilipofika, alibandika alama kwenye ramani ukutani. Polepole alama hizo zikafanya mshipi mpana uliokata Afrika katikati, kaskazini na kusini mwa ikweta, wenye mkia ulioteremka pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Lakini mshipi huo ulikuwa na mapengo, na ukingo wake wa kusini haukueleweka. Barua zilikuwa zimefika ukomo wa uwezo wake.

Wiki kumi barabarani

Oktoba 1961, Burkitt aliondoka Kampala akiwa na madaktari wawili wamishenari, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri kwa gari kuukuu aina ya Ford la mwaka wa 1954 lililonunuliwa kwa pauni 250. Williams, aliyekuwa akiendesha hospitali ya Kuluva katika eneo la West Nile, alikuwa pia hodari wa kutengeneza magari, sifa ambayo katika barabara za wakati huo haikuwa na thamani ndogo kuliko shahada ya udaktari.

Tanganyika, waliyoipitia, ilikuwa imebakisha miezi miwili tu kupata uhuru. Waliendelea kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, mwendo wa karibu kilomita 16,000 kwa muda wa wiki kumi, wakizuru zaidi ya hospitali 50. Katika kila hospitali kazi ilikuwa ile ile: kuonyesha picha, kuwahoji madaktari na wauguzi, kupekua madaftari, kisha kuuliza kuhusu hospitali inayofuata.

Waliporudi, ramani ilikuwa imepata maana mpya. Afrika Mashariki, ugonjwa ulitoweka katika sehemu zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka chini zaidi. Nchini Kenya, maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria na Pwani yalikuwa na wagonjwa, ilhali nyanda za juu hazikuwa nao. Kilichoamua hakikuwa mwinuko wenyewe bali joto na mvua. Ugonjwa ulihitaji mahali penye joto na unyevu, yaani mahali panapowafaa mbu.

Burkitt alidhani mbu hao hubeba virusi vinavyoleta saratani hiyo. Katika hilo alikosea kwa sehemu, lakini ramani yake haikukosea.

Fumbo la virusi

Miezi kadhaa kabla ya safari hiyo, Machi 22, 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti kijana wa virusi. Kabla mhadhara kumalizika, Epstein alikuwa amekata shauri kuacha kazi nyingine zote na kuutafuta chanzo cha uvimbe huo.

Walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vilivyokatwa Kampala visafirishwe kwa ndege hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Kisha, mwishoni mwa 1963, ukungu uliizuia ndege kutua London, nayo ikaelekezwa Manchester. Kipande kilipofika maabarani hatimaye, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoharibika. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa hadubini na kuona seli hai zinaelea. Kutokana na seli hizo, yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walifaulu kuviona virusi vipya kwa hadubini ya elektroni. Machi 1964 walitangaza ugunduzi huo katika jarida la Lancet. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, navyo vikaitwa Epstein-Barr.

Baadaye ilibainika kuwa virusi hivyo havienezwi na mbu, bali huambukizwa kwa mate, na karibu kila mtu duniani huvipata bila kudhurika. Palihitajika kitu cha pili. Mwaka wa 1969 Burkitt mwenyewe aliandika akipendekeza kwamba kitu hicho ni malaria inayomshambulia mtoto mara kwa mara na kuidhoofisha kinga yake. Wazo hilo ndilo ambalo wataalamu wengi wanalikubali hadi leo.

Dozi moja au mbili

Watoto wenyewe hawakuweza kungoja mafumbo yafumbuliwe. Uvimbe huo hukua kwa kasi kubwa, na asiyetibiwa huaga dunia katika muda wa miezi michache. Uganda haikuwa na mashine za kutibu saratani kwa miale.

Burkitt aligeukia dawa mpya za kuua seli za saratani, ambazo hospitali moja kuu ya saratani mjini New York ilimsaidia kuzipata. Jijini Nairobi, daktari Peter Clifford alikuwa akijaribu njia hiyo hiyo. Matokeo yaliwashangaza wengi. Uvimbe uliokuwa umeziba jicho uliweza kuyeyuka kwa siku chache. Wengi walirudiwa na ugonjwa wakafa, lakini wapo waliopona kabisa baada ya dozi moja au mbili tu. Wakati ambapo saratani iliyoenea mwilini ilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo, watoto hao wa Afrika walikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza kwamba dawa pekee zaweza kuiponya.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966, lakini mradi haukufa. Mwaka wa 1967, Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani zilifungua kituo cha kutibu uvimbe huo Mulago, chini ya Dkt John Ziegler. Wageni walipolazimika kuondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny alishika usukani na kukilinda kituo katika miaka ya dhiki. Hicho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo hupokea wagonjwa kutoka nchi mbalimbali za eneo hili. Katika West Nile, utafiti wa miaka ya sabini uliochukua damu ya watoto wapatao 42,000 ulithibitisha kwamba virusi huingia mwilini muda mrefu kabla ya uvimbe kutokea.

Huko Uingereza, Burkitt aligeuzia swali lake la zamani kwenye maradhi ya matumbo. Aliuliza kwa nini saratani ya utumbo mpana ilikuwa haba vijijini Afrika na tele Ulaya, akahubiri kwamba watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alitunukiwa tuzo ya Lasker mwaka wa 1972 na katika mwaka huo huo akateuliwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza. Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Saratani aliyoieleza ingali inabeba jina lake.  Hata leo, katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria na Pwani, wapo watoto wanaofikishwa kwa daktari uvimbe ukiwa umekua mno, ilhali ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zikigunduliwa mapema. Mtoto ambaye taya lake limeanza kuvimba na meno kulegea bila sababu hapaswi kungojeshwa nyumbani.