Mtu Aliyewahesabu Ndege

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, watu wa Mugumu huona wageni hewani. Juu ya malisho ya ng'ombe, juu ya mashamba yaliyolimwa na juu ya mapaa ya nyumba huja mbayuwayu wengi wenye koo nyekundu na mkia uliopasuka kama mkasi. Huruka chini chini wakikamata wadudu, na jioni hukaa safu safu juu ya nyaya. Hata mwezi wa Machi na Aprili wakati wa masika, mtu akitazama siku moja aona nyaya ni tupu; wageni wamekwenda zao.

Je, hutoka wapi, nao hurudi wapi? Zamani hata watu wenye elimu wa Ulaya hawakujua. Waliona mbayuwayu wakitoweka kabla ya majira ya baridi, na wengine wakasadiki ya kuwa ndege hao hulala katika matope chini ya maziwa. Mwaka 1911 mtu mmoja wa Uingereza alimvika mbayuwayu pete ndogo mguuni. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege yule akakamatwa katika nyumba ya mkulima huko Natal, Afrika ya Kusini, naye angali na pete yake. Ndipo watu wakapata hakika. Lakini swali kubwa zaidi lilibaki: ni ndege wangapi waingiao Afrika kila mwaka, nao huishije wakifika? Mtu aliyejitoa kulijibu swali hilo alijifunza kazi yake katika bustani moja ya nchi yetu. Jina lake ni Reginald Ernest Moreau.

Moreau alizaliwa tarehe 29 Mei 1897 katika mji wa Kingston upon Thames, Uingereza. Alipokuwa angali mtoto, nyumba yao ilipatwa na msiba. Baba yake alipigwa na mlango uliokuwa wazi wa gari la moshi lililokuwa likipita, wala hakurudia tena afya yake ya kwanza. Kijana huyu hakusomea elimu ya wanyama katika chuo kikubwa. Alifanya mtihani wa serikali, akapewa kazi ya kukagua hesabu za jeshi katika mji wa Aldershot. Kutwa alikaa mezani akijumlisha na kutoa. Na alipopata nafasi alikwenda mashambani kutazama ndege.

Kisha yeye mwenyewe akashikwa na ugonjwa wa viungo, ukamtesa sana. Hali ya baridi na unyevu wa Uingereza haikumfaa, naye akaomba kazi katika nchi yenye joto. Mwaka 1920 akapelekwa Misri, katika mji wa Cairo, kufanya kazi ile ile ya hesabu. Huko akapata nafuu. Tena akaona jambo ambalo halikumtoka moyoni maisha yake yote: kila mwaka makundi ya ndege wa Ulaya na Asia yalipita Misri yakienda kusini, na baadaye yalipita tena yakirudi kaskazini. Akaanza kuandika aliyoyaona. Huko Misri ndiko alikokutana na Winifred, mwanamke aliyependa ndege kama yeye, nao wakaoana. Tangu siku hizo walifanya kazi pamoja.

Mwaka 1928 Moreau na mkewe walihamia Tanganyika, wakakaa Amani. Amani ni mahali penye msitu katika milima ya Usambara ya Mashariki, si mbali na Muheza. Mwaka 1902 Wadachi walikuwa wameanzisha huko chuo cha kuchunguza kilimo, na kando ya msitu wakapanda bustani kubwa ya miti ya dawa, ya mpira, ya viungo na ya mbao iliyoletwa kutoka Asia na Amerika. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliishika kazi ile. Moreau hakuajiriwa kuchunguza ndege. Kazi yake ilikuwa ya ofisi na ya maktaba. Lakini alipotoka ofisini, bustani ilikuwa mlangoni pake, na msitu ulikuwa nyuma ya bustani, na ndege walikuwa kila mahali.

Katika zama zile desturi ya wataalamu ilikuwa kuwapiga ndege risasi, kuwachuna ngozi, na kuzipeleka ngozi hizo katika nyumba za makumbusho huko Ulaya. Moreau naye alikusanya ngozi kwa desturi hiyo. Hata hivyo aliona ya kuwa ngozi haisemi mengi. Ngozi yaweza kuonyesha rangi ya bawa na urefu wa mdomo, lakini haiwezi kuonyesha jinsi ndege alishavyo watoto wake, wala siku anazoatamia mayai. Atakaye kuyajua hayo hana budi kumwacha ndege hai, akae kimya, atazame, na kuhesabu. Basi yule mkaguzi wa hesabu za jeshi akageuka kuwa mkaguzi wa hesabu za ndege.

Lakini mtu mmoja aliye na kazi ya ofisi hawezi kukaa chini ya kiota kutwa nzima. Kwa hiyo Moreau alitafuta Waafrika waliojua kusoma saa na kuandika, akawafundisha na kuwalipa kwa kazi hiyo. Kila mmoja alikaa mbali kidogo na kiota, mahali pasipowashtua ndege, akiwa na saa na daftari. Ndege alipofika na chakula, mtazamaji aliandika saa na dakika; ndege alipoondoka, aliandika tena. Jua likiwaka au mvua ikinyesha, daftari halikuachwa. Kazi hiyo haikutaka nguvu za mwili. Ilitaka macho, subira na ukweli. Mtazamaji akisinzia kisha akabuni hesabu, kazi ya siku nyingi yaharibika.

Mmoja wa Waafrika waliofanya kazi na Moreau aliitwa Salimu Asumani. Huyu alikuwa hodari wa kuwatafuta ndege msituni, hata wale wadogo wajifichao katika majani manene. Watu wengi wamesoma vitabu vya Moreau, lakini ni wachache wamjuao Salimu. Yafaa tukumbuke ya kuwa elimu ile haikupatikana kwa macho ya mtu mmoja.

Tutazame sasa mfano mmoja wa kazi yao. Katika msitu wa Amani wako hondohondo wakubwa wenye mdomo mnene na pembe juu yake. Jike akitaka kutaga huingia katika shimo la mti mrefu. Dume humletea udongo, naye jike huuziba mlango kutoka ndani mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa kama mfungwa, hali yeye na watoto wake hawawezi kuonwa na adui. Chakula chote huletwa na dume. Huyameza matunda msituni, huruka mpaka shimoni, kisha huyatoa kooni moja moja na kuyapitisha katika ufa ule. Moreau na mkewe walitaka kujua mzigo wa dume huyo ni mkubwa namna gani. Hesabu yao ilitolewa mwaka 1941. Walikadiria ya kuwa kwa muda wa siku 120 dume mmoja alikwenda shimoni kama mara 1,600, akaleta matunda yapata 24,000. Hebu gawanya hesabu hiyo mwenyewe: ni safari zaidi ya 13 kila siku, na matunda 15 kila safari. Na dume huyo akiuawa njiani, jike na watoto walio shimoni wakosa chakula. Apigaye hondohondo mmoja kwa mchezo huenda ameua jamaa nzima asiyoiona.

Kwa hesabu za namna hii Moreau aligundua mambo mengine. Mwaka 1944 alionyesha kwa mifano mingi ya kuwa ndege wakaao karibu na ikweta, kwa kawaida, hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa nchi za kaskazini. Hata leo wataalamu wangali wakijadiliana juu ya sababu yake. Wala hakutazama ndege tu. Alisikiliza pia desturi za watu aliokaa nao, na mwaka 1941 akatoa maandiko juu ya utani wa makabila ya Tanganyika.

Wataalamu wenzake walimheshimu kwa kuwaita ndege kwa jina lake. Mwaka 1931 ndege mmoja mdogo sana wa Amani, mwenye mdomo mrefu na mwembamba, aliitwa kwa jina la Moreau. Na mwaka 1933 vivyo hivyo chozi mmoja wa milimani. Naye Moreau mwaka 1938 alimwita ndege mmoja wa milima ya Uluguru kwa jina la mkewe, Winifred.

Baada ya kukaa Amani yapata miaka kumi na minane, Moreau na mkewe walirudi Uingereza, naye akafanya kazi katika chuo cha elimu ya ndege huko Oxford. Tangu mwaka 1946 hata mwaka 1960 alikuwa mhariri wa gazeti mashuhuri la elimu ya ndege liitwalo Ibis. Lakini swali la Misri lilikuwa lingali moyoni mwake. Akakusanya habari kutoka kila pembe ya Afrika, akapima nchi ambazo ndege wa kaskazini hutoka, akakadiria wingi wao, na kufanya hesabu kubwa kuliko zote alizopata kufanya. Jibu alilopata lilikuwa hili: ndege wa nchi kavu wapatao milioni elfu tano huingia Afrika kila mwaka kutoka Ulaya na Asia.

Siku zake za mwisho alikuwa mgonjwa, lakini hakuiacha kalamu. Alipofariki tarehe 30 Mei 1970, siku moja baada ya kutimiza miaka 73, kazi ya kuandika ilikuwa imekwisha, ila kitabu hakijapigwa chapa. Kilitoka mwaka 1972. Mwaka 2009 wataalamu wengine walikadiria kwa njia mpya hesabu ya ndege watokao Ulaya, wakapata kama milioni elfu mbili tu. Je, Moreau alifanya kazi bure? Hasha! Kama yeye asingalithubutu kuandika hesabu ya kwanza, wao wasingalikuwa na hesabu ya kusahihisha. Tena yawezekana ya kuwa ndege wenyewe wamepungua tangu siku zake; na mtu atajuaje wamepungua kama hakuna aliyewahesabu zamani?

Mbegu za kazi ya namna hii zimeota mahali pengi. Katika mji wa Nairobi, tangu mwaka 1971, wapenzi wa ndege walianza kukutana kwenye nyumba ya makumbusho kila Jumatano asubuhi, wakatembea katika bustani na viwanja vya miti pamoja na kiongozi. Msitu wa Amani nao ulifanywa hifadhi mwaka 1997, na wageni hutembezwa humo na watu wa huko huko wajuao sauti ya kila ndege.

Matembezi hayo yana kanuni nyepesi. Watu huondoka asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali. Hutembea polepole, hawapigi kelele. Kiongozi akisimama, wote husimama. Akinyosha kidole, wote hufuata kidole kwa macho. Kisha hujiuliza: Ukubwa wake ni kama wa ndege gani tumjuaye? Mdomo wake ni wa namna gani? Ana rangi zipi? Anafanya nini? Mwisho huandika tarehe, mahali, jina la ndege, na hesabu.

Mtu wa Mugumu hana haja ya kungoja mpaka aingie katika hifadhi ya Serengeti. Katika miti iliyo kando ya shule na bustani za nyumba wako kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu. Wako chozi katika maua. Na mvua za vuli zikifika, wako mbayuwayu juu ya nyaya. Daftari moja, kalamu moja na asubuhi moja kila juma vyatosha. Andika siku uliyomwona mbayuwayu wa kwanza, na siku uliyomwona wa mwisho. Na mwaka wa pili uandike tena. Moreau alianza kwa mwili wenye maradhi na kazi isiyohusu ndege. Salimu na wenzake walianza kwa macho yao tu. Kilichowafanya waaminiwe ni kwamba waliandika waliyoyaona, wala hawakuongeza hata moja.

Maswali

1. Kwa nini Moreau aliondoka Uingereza mwaka 1920?
2. Eleza jinsi watazamaji wa Amani walivyofanya kazi yao. Kwa nini kubuni hesabu ni kosa kubwa?
3. Dume la hondohondo akiuawa, nini huwapata jike na watoto?
4. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuwa mbali na ya Moreau. Je, kazi ya Moreau ilikuwa na faida? Toa sababu.
5. Kaa kimya chini ya mti mmoja kwa muda wa nusu saa. Andika tarehe, mahali, na hesabu ya ndege wote uliowaona.