Sayyid Ahmad bin Sumeit: Kadhi aliyerudi kusoma

Mji Mkongwe tunausifu kwa milango yake ya nakshi, na mwaka 2000 UNESCO iliutia katika urithi wa dunia. Lakini mji huu una urithi mwengine usiopigwa picha, nao ni ilimu. Miongoni mwa walioijenga ni Sayyid Ahmad bin Abibakar bin Sumeit, Allah amrehemu, aliyezaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861.

Zama za Sayyid Barghash alipewa ukadhi Unguja, naye bado kijana. Wengi wangetulia hapo. Yeye akauacha, akaenda hadi Istanbul kusoma kwa Sayyid Fadhl bin Alawi. Kadhi mzima, karudi kuwa mwanafunzi! Mwaka 1888 alirejea, akashika tena ukadhi, huku akisomesha.

Mwenzake wa karibu alikuwa Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa na chuo chake Ukutani. Mikononi mwao walipita wanafunzi wa pwani nzima, akiwemo Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa.

Wote wawili walifariki mwaka 1925. Sayyid Ahmad amezikwa Malindi, kwenye Msikiti wa Ijumaa. Mwanawe, Sayyid Omar, naye akaja kuwa kadhi Unguja.