John Garang: Aliwasoma mahasimu, wenzake wakampita

Kaburi la John Garang de Mabior liko Juba, mji ambao jeshi lake liliuzingira kwa miaka mingi bila ya kuuteka. Mbele ya kaburi hilo, tarehe 9 Julai 2011, ndipo bendera ya Sudan Kusini ilipopandishwa katika sherehe za uhuru. Garang mwenyewe alikuwa amefariki miaka sita kabla. Kama mcheza karata, alitumia maisha yake kumchunguza aliyeketi mbele yake: yupi atatimiza ahadi, yupi anavuta muda tu, na yupi atakubali akibanwa. Mara nyingi alipata. Alipokosea, gharama ililipwa na watu wake.

Kutoka Wangulei hadi Dar es Salaam

Alizaliwa tarehe 23 Juni 1945 katika kijiji cha Wangulei, eneo la Bor, katika jamii ya Wadinka. Alifiwa na wazazi wake wote wawili angali mtoto. Mwaka 1962 alitaka kujiunga na waasi wa Anyanya, lakini alionekana mdogo mno, akahimizwa aendelee na masomo. Alisoma sekondari nchini Tanzania, kisha akaenda Marekani, ambako mwaka 1969 alihitimu shahada ya uchumi katika Chuo cha Grinnell, jimboni Iowa.

Baadaye alirejea Afrika Mashariki na kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kitovu cha mijadala ya ukombozi wa bara zima. Hapo alifahamiana na kijana mwingine mwanaharakati, Yoweri Museveni. Hatimaye akaingia msituni pamoja na Anyanya.

Mkataba asiouamini

Mwaka 1972 serikali ya Jaafar Nimeiri na Anyanya, chini ya Joseph Lagu, walitia saini mkataba wa amani mjini Addis Ababa. Garang alikuwa na shaka hata kabla ya wino kukauka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: wapiganaji wa kusini wakishamezwa na jeshi la taifa, Khartoum haitakuwa na la kuilazimisha kutimiza ahadi zake.

Hata hivyo aliitikia amri, akaingia katika jeshi hilo na kupanda hadi cheo cha kanali. Alirudi Marekani kwa mafunzo ya kijeshi, na mwaka 1981 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa.

Mwaka 1983 shaka yake ilithibitika. Nimeiri aliigawa kusini katika mikoa mitatu, na baadaye mwaka huohuo akaifanya sharia kuwa sheria ya nchi nzima. Mwezi Mei, askari wa kikosi cha 105 mjini Bor waligoma kuhamishiwa kaskazini. Serikali ilimtegemea Kanali Garang awatulize, pasipo kujua kwamba yeye ni miongoni mwa maofisa waliokuwa wakipanga kuasi. Safari hii Khartoum ndiyo iliyoshindwa kumsoma. Garang alivuka kwenda Ethiopia, na huko likaundwa vuguvugu la SPLM pamoja na jeshi lake, SPLA.

Nimeiri alipopinduliwa mwaka 1985, wengi walitarajia Garang arudi Khartoum. Alikataa, akiamini kwamba sura zimebadilika lakini utawala ni uleule. Wapo wanaoona hadi leo kwamba hapo amani iliponyoka.

Ufa ndani ya nyumba

Garang hakuwasoma makamanda wake kwa umakini huohuo. Alishikilia madaraka mikononi mwake, na baadhi ya waliompinga waliwekwa kizuizini, akiwemo Kerubino Kuanyin Bol, mmoja wa viongozi wa maasi ya Bor. Mwezi Mei 1991 mfadhili wake mkuu, Mengistu Haile Mariam wa Ethiopia, alikimbia nchi. Mwezi Agosti, wakiwa Nasir, Riek Machar na Lam Akol walitangaza kumwondoa katika uongozi.

Miezi michache baadaye wapiganaji wa kundi hilo waliivamia Bor, nyumbani kwa Garang, na kuua raia wanaokadiriwa kufikia 2,000. Mwaka 1992 SPLA ilijaribu kuiteka Juba ikashindwa. Ndugu waliendelea kuuana kwa miaka mingi, na Riek Machar alirudi kundini mwaka 2002 tu.

Meza ya Naivasha

Mwezi Septemba 2003, mjini Naivasha, Kenya, Garang aliketi ana kwa ana na Makamu wa Rais wa Sudan, Ali Osman Taha, chini ya upatanishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Somo la mwaka 1972 lilikuwa bado kichwani mwake. Jambo la kwanza kukubaliwa Naivasha lilikuwa kwamba SPLA itabaki jeshi kamili kwa kipindi chote cha mpito. Yakafuata makubaliano ya kugawana nusu kwa nusu mapato ya mafuta ya kusini; kura ya maoni baada ya miaka sita ilikuwa imeshakubaliwa kabla ya hapo. Mkataba kamili ulitiwa saini Nairobi, tarehe 9 Januari 2005.

Siku 21

Tarehe 9 Julai 2005 aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, baada ya kulakiwa na umati mkubwa mno mjini Khartoum. Siku 21 baadaye, akitoka kuonana na Museveni nchini Uganda, helikopta yake ilianguka milimani. Alizikwa Juba.

Khartoum ilitimiza ahadi ya kura ya maoni mwaka 2011, na karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga. Ulinzi aliouweka dhidi ya hasimu wa kaskazini ulifanya kazi. Lakini mwezi Desemba 2013 risasi zililia Juba, safari hii baina ya waliokuwa makamanda wake mwenyewe.