Freddie Mercury

Freddie Mercury (jina la kuzaliwa: Farrokh Bulsara, Mji Mkongwe, Zanzibar, 5 Septemba 1946 – London, Uingereza, 24 Novemba 1991) alikuwa mwimbaji, mpiga piano na mtunzi wa nyimbo wa bendi ya muziki wa roki ya Queen. Ni mmoja kati ya wazaliwa wa Zanzibar wanaojulikana zaidi duniani. Sifa yake ilijengwa hasa katika miaka ya 1970, kwa maonyesho ya jukwaani na kwa runinga.

Maisha ya awali

Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, Uhindi, na wafuasi wa dini ya Uzoroasta. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Farrokh alipofikia umri wa miaka 8 alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, Uhindi. Huko alijifunza piano, wenzake wakamzoea kwa jina la Freddie, na pamoja nao akaunda bendi ya shule iliyoitwa The Hectics.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, familia ilihamia Feltham, karibu na London. Alisoma sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Mwaka uliofuata aliungana na Brian May (gitaa) na Roger Taylor (ngoma) kuunda Queen. John Deacon (gitaa la besi) alijiunga mwaka 1971. Mercury ndiye aliyependekeza jina la bendi na kuchora nembo yake. Katika kipindi hicho pia alianza kutumia jina la Mercury badala ya Bulsara.

Kuonekana kwenye runinga

Nchini Uingereza wakati huo, kipindi cha Top of the Pops cha BBC kilikuwa na nguvu kubwa ya kumtambulisha mwanamuziki kwa taifa zima. Wasanii wengi waliokuja studio walichezesha midomo kufuata rekodi. Queen walitokea humo kwa mara ya kwanza Februari 1974, wakijaza nafasi ya David Bowie. Wimbo wao "Seven Seas of Rhye", uliotungwa na Mercury, uliingia katika kumi bora. Mwaka huohuo wimbo wake mwingine, "Killer Queen", ulifika nafasi ya pili.

Mwaka 1975 Mercury alitunga "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika 6. Katikati yake mna sehemu ya mtindo wa opera, ambayo sauti za Mercury, May na Taylor zilirekodiwa mara nyingi na kupandishwa juu ya nyingine hadi zikasikika kama kwaya kubwa. Watu watatu wasingeweza kuimba hivyo mbele ya kamera, na kuchezesha midomo tu kungeonekana kichekesho. Tena bendi ilikuwa inaanza ziara. Kwa sababu hizo, Novemba 1975 walirekodi filamu fupi huko Elstree chini ya mwongozaji Bruce Gowers. Kazi hiyo ilichukua takriban saa 4.

Filamu hiyo ilirushwa na Top of the Pops mwezi huohuo, na wimbo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9. Wanamuziki wengine, wakiwemo The Beatles, walikuwa wametengeneza filamu za nyimbo kabla yao. Hata hivyo, mafanikio ya Queen yalizionyesha kampuni za rekodi thamani ya video katika kuuza muziki.

Maonyesho ya jukwaani

Tatizo la sehemu ya opera lilijitokeza pia jukwaani. Mwanzoni Queen waliiacha sehemu hiyo. Baadaye waliipiga kwa kanda huku wao wenyewe wakiondoka jukwaani, kisha wakarudi kwa sehemu ya magitaa. Hivyo hadhira haikudanganywa kwamba yote yanaimbwa palepale.

Mercury alijulikana kwa mavazi ya kuvutia na kwa kushika kipaza sauti chenye nusu ya mlingoti wake. Pia aliimba kwa kuita na hadhira ikaitikia, mtindo unaofanana na ule wa ngoma nyingi za Afrika Mashariki. Kati ya maonyesho yake muhimu ya miaka hiyo ni:

• Aprili 1975: ukumbi wa Budokan, Tokyo, katika ziara ya kwanza ya Japani.
• 24 Desemba 1975: Hammersmith Odeon, London. Onyesho hili lilirushwa moja kwa moja na runinga na redio za BBC.
• 18 Septemba 1976: Hyde Park, London, bila kiingilio. Umati ulikadiriwa kuwa watu 150,000 au zaidi.
• 7 Oktoba 1979: alicheza na kuimba pamoja na wachezaji wa Royal Ballet katika onyesho la hisani.
• 26 Desemba 1979: Hammersmith Odeon, kuchangia watu wa Kamboja walioathiriwa na vita.

Kifo

Mercury alitangaza kwamba ana Ukimwi tarehe 23 Novemba 1991, akafariki kesho yake akiwa na umri wa miaka 45.

Kumbukumbu nchini Tanzania

Wakati Mercury anaonekana majumbani Uingereza, Watanzania wengi hawakuwa na runinga. Zanzibar ilipata runinga ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994, miaka mitatu baada ya kifo chake. Katika miji kama Mwanza na vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, muziki ulifika kwa redio na kumbi za dansi, na Radio Tanzania ilizipa nafasi kubwa bendi za nchini. Mercury mwenyewe alizungumzia utoto wake wa Unguja kwa nadra. Kwa hiyo wengi walikuja kujua baadaye sana kwamba alizaliwa nchini.

Kumbukumbu yake Zanzibar imekuwa na mabishano. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya kupingwa na kikundi cha Kiislamu kilichoona maisha yake hayalingani na maadili ya visiwani. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Mji Mkongwe.